Jembe Nalo Lina Mshahara

Tarehe 5 Septemba, 2014, mabasi mawili yaligongana eneo la Sabasaba katika barabara ya Mwanza–Musoma, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Siku ile Mkoa mzima wa Mara ulilia, na taifa likalia pamoja nao. Lakini msiba mkubwa namna ile hauji kila mwezi. Kwa kawaida barabara huua kimya kimya: mmoja akivuka kwenda sokoni Sirari, mwingine juu ya pikipiki njia ya Nyamongo, mwingine akirudi Mugumu na gunia lake la mahindi. Marehemu huzikwa, matanga huanuliwa, na jina lake halisomwi redioni.

Ndugu zetu wa visiwani wasidhani kuwa habari hii ni ya watu wa bara peke yao. Wao wanakijua kifo cha safarini kuliko wengi wetu. Hawajaisahau MV Bukoba ya tarehe 21 Mei, 1996, wala MV Nyerere iliyopinduka jirani na Ukara tarehe 20 Septemba, 2018. Lakini mtu wa Ukerewe, Ukara, Irugwa au Rukuba akishashuka chomboni na dagaa wake, safari yake humalizikia barabarani kama ya mwingine yeyote. Akigongwa Tarime, maiti itarudishwa kisiwani, na huko kisiwani ndiko watakakobaki mjane na watoto wakiuliza: Je, tunadai nini, kwa nani, na kwa hesabu gani?

Leo hatusemi juu ya mwendo wa kasi, wala ubovu wa magari, wala ulevi wa madereva. Hayo yamesemwa sana, na yataendelea kusemwa. Leo tunasema juu ya hesabu inayopigwa mahakamani baada ya mazishi. Hesabu hiyo, kwa maoni yetu, humtambua mtu mwenye hati ya mshahara, na humsahau mwenye jembe, mwenye wavu na mwenye kuni kichwani.

Kwanza yafaa tueleze jinsi sheria yenyewe ilivyo, maana wananchi wengi hawaijui. Wengi hudhani kwamba dereva akishapatikana na hatia na kutozwa faini, mambo yamekwisha. La hasha. Faini ile ni ya Serikali, na kwa kawaida familia haipati kitu ndani yake. Fidia ni shauri jingine la madai, ambalo aghalabu hufunguliwa na msimamizi wa mirathi ya marehemu. Hata hivyo ile hukumu ya jinai si kazi bure. Chini ya Sheria yetu ya Ushahidi, dereva aliyetiwa hatiani, na muda wa kukata rufani ukapita, hawezi tena kusimama katika shauri la madai na kukana kosa lake. Kwa hiyo mfiwa mwenye busara huifuata nakala ya hukumu ile, na taarifa ya polisi, na mchoro wa ajali, kabla karatasi hazijapotea.

Madai yenyewe husimama juu ya sheria inayohusu ajali zinazosababisha vifo, Sura ya 310 ya Sheria za Tanzania. Sheria hii tuliirithi kutoka enzi za ukoloni, na mizizi yake iko Uingereza, katika sheria iliyotungwa mwaka 1846, zama reli zilipoanza kuua watu. Kabla ya hapo sheria ya Waingereza ilikuwa na neno la ajabu: ukimvunja mtu mguu utamlipa, ukimuua hulipi kitu, kwa kuwa mdai amekwisha kufa! Sheria ya 1846 iliondoa aibu hiyo. Lakini mwaka 1852 mahakama za huko zikaamua kwamba kinacholipwa ni hasara ya fedha tu. Machozi ya mjane hayana bei. Uingereza yenyewe iliona ubaya wa jambo hilo, na mwaka 1982 ikatunga sheria ya kulipa pia kitu kwa ajili ya majonzi.

Basi sheria haiulizi marehemu alikuwa na thamani gani. Hakuna awezaye kujibu swali hilo isipokuwa Mwenyezi Mungu. Sheria huuliza: wale waliokuwa wakimtegemea wamepoteza nini? Njia ya kujibu ilielezwa na majaji wa Uingereza mwaka 1942, na mahakama za Afrika Mashariki zimeitumia tangu zamani. Huchukuliwa mapato ya marehemu, hupunguzwa kiasi alichokuwa akikitumia yeye mwenyewe, na kinachobaki huzidishwa kwa idadi ya miaka.

Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye umri wa miaka 40, ambaye huingiza nyumbani shilingi 600,000 kwa mwezi. Tuseme theluthi moja aliitumia mwenyewe. Familia ilikuwa ikipata shilingi 400,000 kwa mwezi, yaani 4,800,000 kwa mwaka. Alibakiza miaka 20 kufikia miaka 60, lakini mahakama haitazidisha kwa 20. Itasema fedha hizi zinalipwa kwa mkupuo na zinaweza kuzaa faida, tena marehemu angeweza kufa kwa maradhi, au kuachishwa kazi. Kwa hiyo itachagua, mathalani, miaka 13. Jumla ni shilingi 62,400,000. Mtu anaweza kubishana juu ya 13 au 15, lakini hesabu iko wazi, na kila mmoja anaona imetoka wapi.

Sasa tumchukue mkulima wa Nyamwaga mwenye umri ule ule, au mfugaji wa Natta, au mvuvi wa Ukara. Mjane anasimama kizimbani. Wakili wa bima anamwuliza: Mumeo alikuwa akipata kiasi gani kwa mwezi? Mama huyu anajua idadi ya magunia, anajua ng'ombe wangapi walikamwa, anajua ada ya shule ililipwa baada ya kuuza nini. Lakini hajui "kwa mwezi," kwa sababu jembe halilipi kwa mwezi. Wakili anamwuliza tena: Una karatasi yoyote? Hana. Wakili anaketi, na shauri limekwisha kuharibika.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Sheria yetu inatofautisha hasara mahsusi na hasara ya jumla. Hasara mahsusi, kama gharama za jeneza na usafiri wa maiti, ni lazima itajwe na kuthibitishwa barabara. Mahakama ya Rufani ililisisitiza jambo hilo mwaka 1992, na ni haki. Hasara ya jumla huachiwa busara ya mahakama. Pato la mkulima limekwama katikati. Likidaiwa kwa tarakimu, huambiwa halina uthibitisho. Likiachwa kwa busara, hugeuka kuwa kiasi cha kukisia, bila msomaji wa hukumu kuonyeshwa kimepatikanaje. Mahakama ya juu nayo hufungwa mikono. Kanuni ni kwamba haiingilii kiasi cha fidia ila pale ambapo kanuni ya sheria imekosewa, au kiasi ni kidogo mno au kikubwa mno kupita kiasi. Mtu atakataje rufani dhidi ya hesabu ambayo haikuandikwa?

Hatusemi haya kwa kuwalaumu mahakimu. Hakimu wa Tarime au wa Mugumu hawezi kuandika ushahidi ambao hakuletewa. Tunasema kwamba ushahidi upo, ila unatafutwa mahali pasipokuwa pake.

Na hapa tuwe wa kweli. Wakili wa bima ana hoja moja nzito, nayo ni hii: "Shamba lipo. Ng'ombe wapo. Mtumbwi upo. Marehemu hakwenda navyo kaburini." Hoja hii haiwezi kupuuzwa. Mwalimu akifa, mshahara hukoma. Mkulima akifa, shamba hubaki. Ukidai mavuno yote kana kwamba shamba nalo limekufa, unadai kisichokuwa haki, na mahakama itakukatalia. Jibu la hoja hiyo ni kuuhesabu mkono, na kuliacha shamba lenyewe. Tuulize: ili shamba hili, zizi hili au mtumbwi huu uzae kama ulivyozaa jana, familia italazimika kumlipa mtu mwingine kiasi gani?

Tuendelee na mfano wetu, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Vibarua wa kulima, kupalilia na kuvuna, shilingi 900,000 kwa mwaka. Mchungaji wa ng'ombe, shilingi 80,000 kwa mwezi, ambazo ni 960,000 kwa mwaka. Kukarabati nyumba na ua, kupeleka mazao sokoni na kazi nyinginezo, shilingi 540,000. Jumla ni 2,400,000. Punguza theluthi ya matumizi yake mwenyewe, zinabaki 1,600,000. Tena mkulima hastaafu akiwa na miaka 60. Tumewaona wazee wa miaka 70 wakishika jembe alfajiri. Kwa hiyo miaka 15 si mingi. Jumla ni shilingi 24,000,000. Hesabu hii si utajiri. Lakini ni hesabu, na upande wa pili ukiipinga itabidi uipinge kwa hesabu nyingine.

Hali ya mama ni mbaya zaidi. Akifa mwanamume, angalau huulizwa alikuwa akipata nini. Akifa mwanamke wa kijijini, swali lenyewe haliulizwi. Huandikwa "mama wa nyumbani," kana kwamba maana yake ni mtu asiye na kazi. Lakini ni nani alikuwa akipalilia mihogo? Ni nani aliyechota maji, akakata kuni, akasaga ulezi, akauguza watoto, akaanika dagaa juani mchana kutwa? Kazi hizi zote zina bei zinapofanywa na mtu baki. Mahakama ya Uingereza ilikubali tangu mwaka 1915 kwamba mume aliyefiwa anaweza kudai thamani ya kazi za nyumbani alizokuwa akizifanya mkewe. Zaidi ya miaka 100 imepita. Sisi tunaoimba kila siku kwamba mwanamke ndiye mzalishaji mkuu wa chakula, tunasubiri nini?

Liko pia swali la nani anayehesabiwa kuwa familia. Sheria imewataja mke, mume, wazazi na watoto. Lakini Tarime ina mila yake ya nyumba ntobhu. Mama asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe na kumwoa binti, na watoto wa binti yule huwa watoto wa nyumba ya mama huyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiitambui ndoa hii, kwa kuwa inasema ndoa ni muungano wa mwanamume na mwanamke. Basi mama mwenye nyumba akigongwa na gari akienda mnadani, wale waliokuwa wakila katika chungu chake watasimama mahakamani kama nani? Mtu anaweza kuipenda mila hii au asiipende. Sisi hatuamui hilo leo. Tunasema tu kwamba lengo la sheria ya fidia ni kumfuta machozi aliyekuwa akitegemea, na mtoto mwenye njaa hakuchagua mila aliyozaliwa ndani yake. Waheshimiwa Wabunge wanaweza kulinyoosha jambo hili kwa kifungu kimoja, kitakachomtazama aliyekuwa akilishwa na marehemu kweli kweli, badala ya cheti cha ndoa peke yake.

Msomaji anaweza kuuliza kama haya yanawezekana katika nchi maskini. Atembee hatua chache tu kutoka Sirari, avuke mpaka mpaka Isebania. Watu ni wale wale Wakurya, mashamba ni yale yale, na karatasi za mapato hazipo vile vile. Lakini mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikataa kabisa wazo kwamba kazi na mapato ya mtu ni lazima yathibitishwe kwa hati. Majaji walisema kwamba msimamo huo ungewadhulumu watu wengi wasiojua kusoma, wasioweka kumbukumbu, na ambao hata hivyo wanajipatia riziki yao kwa njia mbalimbali. Na mahakama za huko huandika hukumu kwa mafungu: maumivu kabla ya kifo, kupoteza umri, kupoteza matunzo, na gharama mahsusi. Mapato yasipothibitika, mara nyingi hushika kima cha chini cha mshahara kama ngazi ya kuanzia. Hatusemi kila kitu cha jirani ni kizuri. Tunasema mtu aliyekufa umbali wa kilomita moja upande huu hastahili hesabu ya giza.

Hata hapa kwetu mwelekeo unajulikana. Mfanyakazi akifa kazini, uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, na wategemezi wake wanajua pa kwenda na kanuni ya malipo. Mkulima hana mwajiri. Ngao yake pekee barabarani ni ile bima ya lazima ya watu wengine, ambayo kila chombo cha moto kinapaswa kuwa nayo. Nazo pikipiki ambazo bima yake imekwisha tunazijua. Hukumu ya mamilioni dhidi ya kijana asiye na kitu ila pikipiki iliyopondeka ni karatasi tu ya kufungia vitumbua. Kwa hiyo ukaguzi wa bima ni sehemu ya haki ya mfiwa, wala usidhaniwe kuwa ni usumbufu wa polisi kwa vijana.

Kwa hayo yote, tunatoa maombi yetu kwa wenye dhamana.

Kwa mahakimu na majaji: hukumu ya kifo cha barabarani ioneshe hesabu yake. Iandikwe mapato au thamani ya kazi, kiasi kilichopunguzwa, idadi ya miaka, na sababu ya kuchagua miaka hiyo. Tena litajwe fungu la kila mtegemezi, na fungu la watoto wadogo liwekwe benki kwa majina yao, ili msimamizi wa mirathi asije akajenga nyumba yake kwa damu ya mwenzake. Leo Mahakama Kuu iko Musoma, na watu wa Mara hawalazimiki tena kuifuata Mwanza. Ukaribu huo utakuwa na maana pale mwananchi atakapoisoma hukumu na kuielewa.

Kwa maofisa wa Serikali wilayani na vijijini: ushahidi uko mikononi mwenu. Ofisa mtendaji wa kijiji anajua ekari na mifugo ya kila kaya. Ofisa kilimo anajua mavuno ya kawaida na ujira wa kibarua. Chama cha ushirika kina kumbukumbu za kahawa na pamba. Huko visiwani, vikundi vya usimamizi wa uvuvi mialoni vinajua mtumbwi wa nani ulileta nini, na mgawo wa wavuvi ulikuwaje. Tunashauri kwamba mtu akifa barabarani, ndani ya siku 30 kijiji kiandike taarifa moja, isainiwe na mtendaji, ofisa kilimo au uvuvi, na majirani wawili: marehemu alikuwa na umri gani, alifanya kazi gani, ni nani waliomtegemea, na kibarua wa kazi kama hiyo hulipwa kiasi gani. Kazi hii haihitaji bajeti. Inahitaji kalamu na karatasi.

Na kwa wananchi wenyewe, hasa ninyi wa visiwani mnaokaa mbali na ofisi: msikubali kutia sahihi wala dole gumba kwenye karatasi msiyoielewa wakati jeneza bado liko sebuleni. Mwenye gari akileta rambirambi, ipokeeni kwa shukrani. Lakini rambirambi si fidia, na karatasi inayosema "sitadai tena" si rambirambi. Wekeni risiti za mauzo, hata kama zimeandikwa kwa kalamu ya risasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tunaongeza kwamba marehemu bila daftari huhesabiwa kama hakuwahi kufanya kazi. Wala msikae mkingoja, maana madai yana ukomo wake wa muda, na sheria haimngojei aliyelala.

Tunafahamu kwamba hakuna hesabu itakayomrudisha mtu. Mama wa Mugumu akipewa milioni 24 hatapewa mume. Lakini nchi inayoweza kuhesabu kilo za dhahabu ya Nyamongo na idadi ya watalii wa Serengeti haiwezi kusema kwamba imeshindwa kuhesabu kazi ya mkono wa mkulima. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki yake huanzia hapa, katika kukubali mbele ya mahakama kwamba jembe nalo lina mshahara.